Ushauri: Niwape kampuni jengo letu la apatimenti Kigoma, au niendelee kulisimamia mwenyewe?

BintiKatubuka (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo imenibidi niandike, usingizi umenikimbia.

Marehemu baba alituachia jengo la apatimenti 9 hapa Katubuka, Kigoma mjini. Chini na ghorofa mbili, tatu kila sakafu. Mama anaishi chini. Kaka yuko Dar, mdogo wangu yuko Mwanza, kwa hiyo mzigo wote ninao mimi, na mimi ni mwalimu. Nikitoka kazini nakuta watu wameshakaa kwenye ngazi wananisubiri. Pampu imeungua mara mbili mwaka huu. Mwezi wa nne mvua ilipokolea shimo la choo likafurika, gari la kunyonya likashindwa kupanda mlima kwa utelezi, siku mbili tunapita tumeziba pua. Taa za ngazi zikiungua kila mmoja anasema si zake. Mlinzi anadai mshahara wa miezi miwili. Wapangaji wawili kila tarehe 1 wananiomba niwavumilie. Na huyu wa namba 4 ndiyo ameshindikana kabisa: hachangii pampu, hachangii mlinzi, hachangii usafi. Ukimfuata anakukaribisha kwa heshima, anauliza hali ya mama, halafu anakwambia yeye hadaiwi.

Sasa imekuja kampuni ya kusimamia majengo. Wanataka asilimia 10 ya kodi kila mwezi. Watakusanya, watatengeneza, watatoa notisi, na huyo wa namba 4 wameahidi ndani ya siku 30 atakuwa ametoka. Kuna aliyewahi kuwapa watu jengo lake? Naomba majibu kabla ya Jumatatu.

Mgebuka_Mkavu
Pole mwalimu. Kesi ya taa za ngazi ni ngumu kuliko ya mirathi. Nilipopanga Mwanga kila mtu alikuwa na balbu yake mfukoni. Unatoka unaipachika, unarudi unaichomoa. Siku moja jirani kaondoka na yangu, hatujasalimiana mpaka nilipohama.

Shangazi wa Ujiji
Mwanangu, mali ya marehemu haiachiwi mgeni. Babu yetu aliacha nyumba ya vyumba sita hapa Ujiji, wajomba wakamkabidhi mtu baki akusanye kodi. Mwaka wa tatu yule mtu ndiye anayetuuliza sisi tumemfuata nani. Nyinyi watatu kaeni na mama yenu kwenye mkeka, muongee. Hela ikija mbele ya undugu, undugu haurudi tena.

BintiKatubuka
Shangazi nashukuru, lakini kukaa kwenye mkeka tumekaa mara nne. Kaka anasema amua wewe uliye karibu. Nikiamua, anapiga simu kugomba.

MpigaHesabu
Mwalimu, swali si kampuni au mwenyewe. Swali ni mkataba umeandikwaje. Asilimia 10 ya kodi *iliyokusanywa* au ya kodi *inayotarajiwa*? Hapo ndipo watu wanaumia. Ikiwa ni inayotarajiwa, nyumba ikikaa tupu miezi mitatu wao wanalipwa na wewe unalia. Ikiwa ni iliyokusanywa, watahangaika kutafuta mpangaji kama wewe.

Pili, fedha za dhamana walizoweka wapangaji zisiguswe wala zisichanganywe na kodi, maana hizo si zenu, siku mtu akitoka anazidai. Tatu, weka kikomo cha matengenezo: chini ya laki moja waamue, ikizidi wakuulize kwanza, na kila fundi aje na risiti. Nne, kila mwezi tengeni fungu la mambo makubwa, rangi, tangi, paa, pampu ya akiba. Majengo mengi hapa kwetu yanachakaa siyo kwa kukosa hela, ni kwa sababu kodi inaliwa yote mwezi uleule. Na ile kodi ya zuio ya pango, asilimia 10 inayokatwa kwenye pango na kupelekwa TRA, iandikwe nani atahakikisha imelipwa. Mpangaji anapoingia piga picha kila ukuta na kila koki, msaini wote wawili. Hiyo peke yake inamaliza nusu ya ugomvi wa siku ya kuhama.

Umewaona wasimamizi hao wakifanya kazi kwenye jengo lingine lolote?

FundiBomba_Gungu
Mimi niongee la pampu. Pampu haiungui kwa bahati mbaya, mara nyingi inaungua kwa kunyonya hewa. Tangi la chini likiisha maji na hakuna swichi ya boya ya kuizima, inazunguka kavu mpaka waya unanuka. Fundi anakuuzia nyingine, na nayo inakufa vilevile. Nunua boya, bei yake haifiki hata robo ya pampu. Na kwa mlima wa Katubuka, maji ya kusukuma mpaka tangi la juu ya ghorofa ya pili yanataka pampu yenye nguvu, siyo hizi ndogo za bustani.

Halafu nikuulize. Huyo wa namba 4 anatumia laini moja na wenzake au ana valvu yake?

BintiKatubuka
Kila nyumba ina valvu yake, ziko pamoja nyuma ya ngazi. Asante kwa la boya, sikuwahi kuambiwa.

Mnyamwezi wa Ipuli
Huku Tabora baba yangu alipanga nyumba ya Msajili wa Majengo. Vijana hamjui hilo. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha, yakawa chini ya Msajili, mpaka 1990 yalipounganishwa na Shirika la Nyumba. Mzee alikuwa na daftari la jalada gumu. Koki ikivuja anaandika tarehe, fundi akija anaandika jina, akilipa kodi anabandika stakabadhi humohumo. Alipofariki tulilikuta chini ya godoro pamoja na cheti chake cha ndoa. Nikisoma nyuzi kama hizi naona tunachokosa ni lile daftari. Mwalimu, wewe unaandika wapi?

Mama Tunu
Na umeme wa luku je? Tulikuwa wapangaji wanne mita moja. Ukiwa peke yako na matumizi madogo hufiki uniti 75 kwa mwezi, unalipa bei ya chini. Mkijikusanya wanne mnapita juu, wote mnalipa bei kubwa, halafu jioni mnatazamana nani ana friji. Kama jengo lina mita moja anza na hilo kabla ya kampuni.

WakiliWaKijiwe
Mleta mada, nimekusoma mara mbili. Wale wawili umesema wanachelewesha kodi. Huyu wa namba 4 hujasema popote kwamba anadaiwa kodi. Umesema michango tu. Analipa kodi kiasi gani, na mkataba wake wa pango unasemaje?

BintiKatubuka
Mkataba wake ni wa zamani, wa enzi za baba. Suala la kodi yake ni tofauti kidogo. Naomba turudi kwenye kampuni.

WakiliWaKijiwe
Hatuwezi kurudi. Tofauti kidogo vipi?

FundiBomba_Gungu
Na mimi naongeza langu. Valvu yake iko wazi?

BintiKatubuka
Sawa. Naandika yote, msinihukumu.

Halipi kodi. Mwaka 2014 baba alikwama, kuta zote zimesimama, hela ya paa hakuna, na mvua za mwezi wa kumi zinakuja. Huyo mzee walikuwa wanafahamiana tangu ujana, akampa baba milioni 18, baba akamwandikia namba 4. Waliandikiana kwa mkono, mashahidi wawili, mmoja ameshafariki. Hati ya kiwanja imebaki moja, jina la baba. Kaka ndiye msimamizi wa mirathi, na kwenye orodha ya mali aliyopeleka mahakamani aliandika apatimenti 9.

Valvu nimeifunga. Leo siku ya tatu.

Lakini mnielewe. Miezi 14 hajachangia hata umeme wa pampu, na maji anatumia kama wengine. Mimi nalipa kwa mshahara wangu. Kaka anasema karatasi ya mkono si hati, mzee akitoka tunaipangisha na deni la mlinzi linaisha. Na mkataba na kampuni nimeshasaini Ijumaa, miaka miwili, nimewapa laki sita za kuanzia. Jumatatu wanakuja kukabidhiwa. Sikuficha kwa ubaya, niliona mkijua mtajibu hilo tu.

Shangazi wa Ujiji
Yaani hela yake ndiyo iliyoezeka paa lililo juu ya kichwa cha mama yako, na wewe umemfungia maji?

Mgebuka_Mkavu
Nilikuja kuongelea balbu, sasa naogopa.

WakiliWaKijiwe
Mwalimu, sikuhukumu, ila nasema wazi. Huyo si mpangaji, na kampuni haiwezi kumpa notisi ya pango mtu asiye na pango. Kama ni mgogoro wa umiliki, baraza la kata siku hizi kazi yake ni kusuluhisha, kesi yenyewe ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ile karatasi ya mkono yenye shahidi aliye hai na mtu aliyekaa humo tangu 2014 ni kitu kizito. Kaka yako aliyeandika 9 akijua ni 8 ndiye atakayeulizwa kwanza. Orodha ya mali inaweza kurekebishwa, aende arekebishe.

Sasa upande wako, maana na wewe una haki. Kumiliki nyumba ndani ya jengo hakumtoi mtu kwenye gharama za pamoja. Ipo Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008, imetungwa kwa majengo ya namba hiyo hasa: kila mtu na sehemu yake, halafu ngazi, paa, shimo la choo na kiwanja ni vya wote, na wamiliki wanakuwa na umoja wao unaopanga michango. Jengo lenu halijasajiliwa hivyo, lakini njia ni hiyo. Mzee apate haki yake kwa maandishi, na achangie sehemu moja ya tisa kama mmiliki. Inawezekana hachangii kwa sababu kila mkimfuata mnamwita mpangaji.

Chai_Haina_Sukari
Wakuu mnaandika aya ndefu hivi kwa chai, hadithi ya kutunga? Mimi naishi Katubuka miaka kumi. Msomaji wa kimya halafu ghafla ana kampuni, ana mzee mpole, ana kaka mbaya wa Dar. Jana mpangaji, leo mmiliki, kesho mzee atakuwa baba yake mzazi. Hili ni tangazo. Subirini ukurasa wa pili atashusha jina la kampuni na namba ya simu.

Kijana_wa_Reli
Kweli kabisa. Mleta uzi tupia picha ya geti tuamini.

Mama Tunu
Hata mimi nimeanza kushtuka. Laki sita za kuanzia unampa mtu usiyemjua?

BintiKatubuka
Picha siweki, mama yangu anaishi humo. Jina la kampuni sijalitaja na sitalitaja.

Jengo letu ubavu mmoja halina rangi mpaka leo, hela iliisha. Ngazi ya tatu kutoka chini ina unyayo wa mdogo wangu, alikanyaga zege bichi akiwa na miaka tisa, baba akakataa lisirekebishwe. Jioni upepo wa ziwa ukigeuka tunapata harufu ya dagaa wanaoanikwa Kibirizi, wapangaji wageni wanadhani ni shimo letu la choo, naanza kuwaeleza upya. Kama hiyo ni chai, basi nimeinywa miaka yangu yote.

FundiBomba_Gungu
Nadhani nimewahi kupanda hizo ngazi. Nilifunga tangi la juu. Sitasema zaidi ya hapo, ila unyayo upo.

Chai_Haina_Sukari
Kama fundi anathibitisha naomba radhi, mwalimu. Ila laki sita zako zifuatilie mapema.

MpigaHesabu
Sasa tujibu swali lililopo mezani. Kesho asubuhi waandikie kampuni barua: makabidhiano yasubiri, namba 4 haimo kwenye jengo mnalowakabidhi, na kipengele cha siku 30 kifutwe. Wakikubali, hao wanaweza kuwa watu wa kazi, na kusema kweli mwalimu mwenye vipindi hawezi kusimamia nyumba 8 na shimo la choo. Wakikataa, ujue walikuja kwa ajili ya namba 4 tu. Soma kifungu cha kuvunja mkataba kinataka notisi ya muda gani. Kipo?

BintiKatubuka
Kipo. Siku 60 kwa maandishi. Nilikuwa sijakisoma.

Mnyamwezi wa Ipuli
Nunua daftari, mwalimu. Ukurasa wa kwanza andika namba 4 na jina la mwenyewe.

Shangazi wa Ujiji
Barua kesho. Maji leo.

BintiKatubuka
Nimetoka huko sasa hivi. Nimefungua valvu, nikapanda kumwambia mwenyewe. Nilimkuta na madumu mawili mlangoni, kumbe mama ndiye amekuwa akimpelekea maji siku zote tatu, mimi sijui. Nimemwambia nitakuja na kaka tuandikishane upya, na michango tutaigawa kwa tisa, yeye akiwa mmoja wa wenye jengo. Kuhusu mchango amesema tuanze mwezi huu.

FundiBomba_Gungu
Hajasema kingine?

BintiKatubuka
Amesema maji ya kwanza atayaacha yamwagike, bomba likikaa limefungwa siku tatu linatoa kutu.