Canter ya kubeba mazao kwa miaka mingi: nichague injini ipi?

Mkulima wa Njombe
Ndugu zangu, salaam. Ninalima viazi na mahindi, na hadi sasa nimekuwa nikikodi gari la kupeleka mazao Iringa na Morogoro. Nataka kununua Canter (lori dogo la Mitsubishi Fuso) iliyotumika Japani, nikae nayo muda mrefu. Wapo wanaonishauri nichukue ya zamani yenye injini ya 4D33, na wapo wanaosema ya karibuni, yenye mfumo wa komoni reli (dizeli huingizwa kwa shinikizo kubwa likiongozwa na kompyuta), hula mafuta kidogo na ina nguvu zaidi mlimani. Barabara zetu za shambani ni vumbi na tope, na fundi mwenye kompyuta ya kupimia yuko mbali. Nichague ipi, na niitunzeje?

Fundi wa dizeli
Ndugu, kwa mazingira uliyoyaeleza, chukua 4D33. Ni injini ya silinda nne yenye CC 4,214, na kamshafti yake (mhimili unaofungua vali) huzungushwa na gia, kwa hiyo hakuna mkanda wa taimingi utakaokatika safarini ukasababisha pistoni kugonga vali. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, na nozeli zake (vinyunyizio vya dizeli) hufunguka kwa shinikizo la baa mia mbili hivi, ilhali komoni reli hufanya kazi kwa shinikizo linalozidi baa 1,000. Kwa shinikizo kubwa namna hiyo, maji kidogo au vumbi jembamba lililopenya filta hutosha kuharibu nozeli, na dizeli ya kwenye madumu mara nyingi huwa na vyote viwili. Wanaosema injini za karibuni hula mafuta kidogo wanasema kweli, lakini akiba hiyo yaweza kuishia kwenye seti moja ya nozeli.

Hata hivyo, hali ya gari lenyewe ina uzito kuliko jina la injini. Ingia chini uikague chasisi, hasa karibu na vikalio vya springi, kwa sababu sehemu za Japani zenye theluji humwagiwa chumvi barabarani na kutu huanzia huko. Fika asubuhi injini ikiwa baridi, iwashwe mbele yako, kisha fungua kifuniko cha kujazia oili: moshi ukitoka kwa nguvu na kwa mfululizo, pistoni na ringi zimechoka, na rangi mpya ya bodi isikushawishi.

Dereva wa masafa marefu
Naungana na fundi, nami naongeza kuhusu matunzo. Kwa kazi ya mizigo na vumbi, badilisha oili na filta yake kila kilomita 5,000. Mpira unaotoka kwenye filta ya hewa kwenda kwenye injini ukaguliwe mara kwa mara, kwani ukipasuka vumbi huingia moja kwa moja kwenye silinda, na injini nzuri huchakaa mapema huku mwenye gari akiamini kwamba filta ni safi. Kwenye rejeta tumia kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), usijaze maji ya mtoni. Kros za propela (viungo vya shafti inayopeleka nguvu nyuma) na kingipini (pini za kugeuzia magurudumu ya mbele) zipigwe grisi kila unapobadilisha oili, na mapema zaidi ukipita kwenye madimbwi.

La breki nalisisitiza sana, kwa kuwa njia yako ya Morogoro inashuka mlima Kitonga. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na yakichemka mteremkoni pedali huzama. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, ingia gia nzito kabla mteremko haujaanza, na tumia breki ya ekzosti (huziba njia ya moshi ili injini ipunguze mwendo).

Mkulima wa Njombe
Nashukuru sana. Gari nililoliona limeandikwa tani 2, ila muuzaji anasema likiongezwa springi linabeba tani 4.

Fundi wa dizeli
Springi za ziada huinua bodi tu. Haziongezi uwezo wa breki, difu (gia za ekseli ya nyuma), bearingi wala chasisi. Ikiwa mzigo wako wa kawaida ni tani 4, tafuta gari lililoundwa kwa uzito huo, hata ikibidi usubiri msimu mwingine wa mavuno.