Tupeane uzoefu: Tuliocheza RuneScape enzi za intaneti ya setilaiti

Mwanzisha mada, Tanga

Ndugu zangu, salaam. Juzi nilikuwa nikimsaidia binti yangu kuchagua neno la siri, nikakumbuka neno la siri la kwanza kuwa nalo maishani. Halikuwa la benki wala la barua pepe. Lilikuwa la mhusika wangu katika RuneScape, mchezo wa mtandaoni ambamo watu wengi huishi pamoja katika dunia moja ya kubuni, mwaka 2005, katika intaneti kafe moja ndogo karibu na stendi ya mabasi. Ninamwomba kila aliyepita huko atueleze alichezea wapi, alifika ngazi gani, na jambo gani hasa halijamtoka moyoni hadi leo. Nitatangulia mimi.

Kwa asiyeujua, mchezo huu ulifunguliwa Januari 2001 na Andrew Gower pamoja na ndugu yake Paul, huko Uingereza. Uliandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Java, ukafunguka ndani ya kivinjari, na kwetu hilo ndilo lililoamua kila kitu, kwa sababu mwenye kafe hakumruhusu mtu kuweka programu yoyote katika kompyuta zake, na hata angeruhusu, hakuna ambaye angemaliza kupakua mchezo mzima kwa kasi ile kabla saa yake ya shilingi 500 haijakwisha. Michezo ya aina hiyo iliyotangulia, kama Ultima Online ya mwaka 1997 na EverQuest ya mwaka 1999, ilidai ununue diski na kisha ulipe ada kila mwezi. Huu ulimpokea hata asiye na senti, ukampa shoka, nyavu na upanga wa shaba, ukamwacha aende zake.

Lipo jambo ambalo limenichukua miaka mingi kulielewa, na ndilo lililonifanya nianzishe mada hii. Kabla kebo ya intaneti ya SEACOM, ipitayo chini ya bahari, haijafika Mombasa na Dar es Salaam mnamo Julai 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti iliyo juu ya ardhi kwa kilomita zipatazo 36,000, kwa hiyo ulichobonyeza kilipanda hadi huko, kikashukia Ulaya, kisha jibu likapanda tena na kukushukia wewe, safari ambayo hata kwa kasi ya mwanga hula karibu nusu sekunde. Michezo ya kufyatuliana risasi ilitushinda kabisa; ulikuwa umeshakufa kabla hujamwona aliyekuua. Lakini seva za RuneScape huiendesha dunia yao kwa mapigo, pigo moja kila sekunde 0.6, na kila mchezaji, awe Cambridge au awe Tanga, hungoja pigo hilo ndipo shoka lake lishuke. Sisi tulichelewa pigo moja au mawili, na mti ulikuwa bado umesimama pale pale. Tulikuwa na intaneti ya polepole, nao ulikuwa mchezo wa polepole, na ninaamini kwamba hiyo ndiyo sababu iliyotuwezesha kukaa baraza moja na watu wa dunia nzima bila kuonekana wageni.

Kisa changu ni cha Karamja, kisiwa kimoja cha mchezoni. Ukifika ngazi ya 40 ya uvuvi unaruhusiwa kutega kamba koche kwa dema, na wakati ule mahali pa kuwapata bila kulipia uanachama palikuwa kisiwa hicho, ambako huvushwa kwa mashua kutoka bandari ya Port Sarim kwa nauli ya sarafu 30. Mkoba una nafasi 28 tu, na upande ule wa kisiwa hakuna benki, kwa hiyo unavua, unajaza, unavuka, unatembea hadi benki ya Draynor, unarudi. Siku moja nikaandika kwa uchovu tu, bila kumlenga mtu, «Jamani nimechoka.» Mvuvi aliyesimama kando yangu, ambaye nilikuwa nikimwona kwa wiki nzima bila kusemeshana naye, akajibu, «Pole, na mie mkono waniuma.» Alikuwa kijana wa Muscat. Bibi yake alitoka Unguja, na Kiswahili alikizungumza naye nyumbani lakini hakuwahi kukiandika popote, akawa ananiuliza tahajia ya maneno aliyoyajua tangu utotoni.

Tulivua pamoja kwa miezi minne. Wakati huo Oman walipumzika Alhamisi na Ijumaa, nasi Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo wakati wetu wa kukutana ulikuwa Ijumaa jioni, mimi nimetoka shule naye yuko nyumbani. Kisha akaacha kuonekana. Katika orodha ya marafiki, asiyekuwepo huonyeshwa kwa rangi nyekundu. Yeye alibaki katika nyekundu hadi nilipomaliza kidato cha sita.

Mchangiaji, Mombasa

Ahsante sana, ndugu, kwa kulianzisha jambo hili. Kwetu saiba ilikuwa shilingi moja kwa dakika, na mwenyewe alikuwa na programu iliyoifunga kompyuta mara dakika zako zilipokwisha, bila onyo.

Kaskazini ya Edgeville, mji wa mchezoni, kuna nyika ambako mchezaji anaweza kumshambulia mchezaji mwenzake, na anayeuawa hubakiwa na vitu vyake vitatu vya thamani zaidi, vingine vyote vikaanguka chini. Niliingia huko nikiwa nimevaa deraya yangu na nimeshika upanga wa binamu yangu, ambao alikuwa ameniazima kwa siku moja tu. Nilishambuliwa, nikageuka kukimbia, na katikati ya mbio hizo kioo kikawa cheusi kwa kuwa dakika zangu zilikuwa zimekwisha. Mhusika hatoweki papo hapo akiwa vitani hata kama mwenyewe amekatika. Husimama pale akipigwa. Niliomba shilingi kumi kwa jirani, nikaingia tena, nikajikuta Lumbridge, mahali ambapo kila aliyekufa huamkia. Deraya ilikuwapo. Upanga haukuwapo.

Nilitembea kutoka saiba hadi kwao Majengo nikipanga maneno. Binamu yangu alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nina dakika ngapi kesho. Kwa wiki tatu tulikaa kompyuta mbili zilizo jirani tukichimba chuma karibu na mji wa Varrock na kukiuza hadi tukaununua upanga mwingine, na hata siku moja hakunidai wala hakunitajia kosa langu mbele ya watu. Yeye sasa ni mhandisi wa meli na mimi ni mwalimu. Tukikutana kwenye arusi, kisa hiki hukisimulia yeye, na hukisimulia kana kwamba upanga uliopotea ulikuwa wangu.

Mchangiaji, Nairobi

Langu ni fupi. Mtu aliniambia kwamba angeinakshi deraya yangu kwa dhahabu endapo ningempa kwa dakika moja. Nilimpa, akatoweka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa kweli ndiyo mara ya kwanza kuelewa kwamba mtu anaweza kukusemesha kwa upole mkubwa huku akikuibia.

Mchangiaji, Muscat

Mimi si yule rafiki yako, ndugu wa Tanga, ingawa nilipoliona jina la mji wetu nilirudia kuisoma habari yako mara mbili. Wengi wetu hapa tuliojifunza Kiswahili kwa bibi zetu tulikiandika kwa mara ya kwanza katika mambo kama haya.

Nataka nieleze upande mwingine wa lango. Magharibi ya mji wa Falador, njia ya kwenda mji wa Taverley, kuna lango ambalo asiye mwanachama halimpitishi, na uanachama wakati huo ulikuwa kama dola 5 kwa mwezi, zilizolipwa kwa kadi. Baba alikubali kunilipia kwa kadi yake baada ya matokeo mazuri ya mtihani. Nilikuwa na rafiki wa Arusha niliyekuwa nikikata naye miti ya mierebi kila siku, na siku nilipolipiwa alinisindikiza hadi langoni. Lakini lango hufunguka katika seva za wanachama tu, ambako yeye hakuweza kuingia, kwa hiyo ilibidi nimwache pale. Aliandika, «Niambie kuna nini huko.» Nikawa ninaingia ndani, ninatazama, kisha ninarudi kumweleza kuhusu mji wa wadruidi, wale makuhani wa kale, kuhusu milima iliyo nyuma yake, kuhusu mashamba ambayo mtu aliweza kupanda mwenyewe na kuvuna. Mwezi ulipokwisha sikumwomba baba alipe tena. Huko ndani kulikuwa kuzuri sana, lakini sikuwa na mtu wa kukata naye miti.

Mchangiaji, Leicester

Vijana wangu, mimi ni mkubwa wenu kidogo. Nilikuja Uingereza kusoma katikati ya miaka ya 1990, na katika maabara ya kompyuta usiku tulicheza ile michezo ya maandishi matupu, isiyo na picha hata moja, iliyotokana na MUD ya Roy Trubshaw na Richard Bartle wa Chuo Kikuu cha Essex, walioianza mwaka 1978. Uliandika kwamba unaelekea kaskazini, nayo ikakueleza kwa maneno ulichokiona na nani yuko hapo. Ninachowaunga mkono ni hilo la polepole. Kwa kuwa hakukuwa na cha kutazama, watu walizungumza, na nilijifunza Kiingereza cha kuzungumza kwa watu ambao sikuwahi kuziona nyuso zao, na ambao walinisubiri nimalize kuandika.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Kwangu kinachouma ni mwisho wa mwaka 2007. Wauzaji wa dhahabu ya mchezo kwa fedha halisi, ambao wengi walijilipia uanachama kwa kadi za wizi, waliwaelemea waendeshaji, na Desemba ile mapigano ya wachezaji katika nyika yakaondolewa. Januari 2008 biashara nayo ikawekewa mpaka, hata ikawa huwezi kumpa mtu kitu cha thamani bila yeye kukurudishia kitu kinacholingana nacho. Ninaelewa sababu yao, na sidhani kwamba walikuwa na njia rahisi. Lakini mimi nilikuwa na desturi ya kukaa Lumbridge na kuwagawia wageni vyakula na silaha ndogo ndogo, kama mimi nilivyogawiwa nilipofika, na tangu siku ile zawadi kubwa ikahesabiwa sawa na magendo. Niliondoka. Mambo yote mawili yalirudishwa Februari 1, 2011, baada ya kura zaidi ya milioni moja, lakini nilikuwa nimeshapoa.

Kilichonirudisha ni Februari 22, 2013, walipofungua Old School, ambayo ni nakala ya akiba ya mchezo wote kama ulivyokuwa Agosti 2007. Kila kitu kilikuwa mahali pake: ngazi za ngome, hata mbuzi wa jangwani. Wahusika wetu tu ndio hawakuwapo, maana kila mtu alianza upya kutoka kile kisiwa cha mafunzo. Nilikuwa nimeacha nikiwa na ngazi ya 92 ya kukata miti, ambayo kwa hesabu ya mchezo ni nusu ya safari, kwa kuwa ngazi ya 99 inahitaji pointi 13,034,431. Nilisimama mbele ya mti wa kwanza nikiwa na shoka la shaba na ngazi 1, na sikusikia hasara yoyote. Pembeni yangu walikuwapo watu wapatao thelathini, watu wazima kwa namna walivyozungumza, wote wakiukata mti ule ule na kuulizana walikuwa wapi miaka yote.

Mwanzisha mada, Tanga

Nimezisoma zote, na ya langoni Taverley nimemsomea mke wangu kwa sauti.

Tangu Oktoba 2018 Old School inachezeka kwenye simu, na nimekwisha kuiweka kwenye yangu. Ninapendekeza tukutane Ijumaa hii saa tatu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, gatini Port Sarim, na namba ya seva nitaiweka hapa siku hiyo mchana. Ndugu wa Muscat, kwako itakuwa saa nne, nadhani haitakusumbua. Ambaye hajafika ngazi ya 40 asijali, aje na wavu wake mdogo avue dagaa kando yetu. Nauli ya kuvuka bado ni sarafu 30, na asiye nayo nitamlipia.