Paa la kuficha linanimaliza. Mafundi, acheni kutudanganya!

Wakuu, nina hasira, mniwie radhi nikipitiliza.

Nilihamia kwangu Kivule mwezi wa nane mwaka jana, baada ya miaka sita ya kudunduliza. Tangu masika yaanze sijalala usingizi wa kueleweka. Juzi saa nane usiku dari ya jipsamu ya sebuleni ilishuka yote na maji yake. Mwanangu alikuwa amelala kwenye kochi la pembeni. Ingeshuka hatua mbili upande wake, leo ningekuwa naandika habari nyingine hapa.

Chanzo ni hizi nyumba za kontemporari. Fundi anakusifia: ya kisasa, na mbao zinakwenda chache. Hakwambii kwamba bati likishafichwa nyuma ya ukuta, maji ya mvua yote yanabaki juu ya kichwa chako mpaka yapate pa kutokea. Yanategemea mfereji wa zege kati ya bati na ukuta. Wa kwangu haukupewa mteremko, haukupakwa dawa ya kuzuia maji, na una bomba moja jembamba la kutolea. Majani ya mwembe yakiziba hapo, maji yanapanda yanaingia chini ya bati. Paa la kawaida lingeyamwaga nje, kwisha habari.

Fundi aliyejenga nilimpigia siku tatu. Alipopokea akasema nyumba mpya "huwa inatulia". Alikuja, akapanda, akashuka na hesabu ya 1,800,000! Yaani nimlipe tena kwa kazi aliyoiharibu mwenyewe. Mkataba wetu ulikuwa wa mdomo, na hapo ndipo aliponishika.

Rangi chini ya kuta inabanduka na chumvi nyeupe imetoka, kwa sababu aliruka nailoni ya kuzuia unyevu kwenye msingi siku ambayo mimi nilikuwa kazini. Maji ya kisima ni ya chumvi, nanunua boza. Shimo la choo limejaa maji ya ardhini: gari la kunyonya likiondoka, wiki ya pili limejaa tena. Ile 1,500 ya kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) kila mwezi wala sina neno nayo, niliijua tangu mwanzo. Haya mengine nani aliniambia?

Nyie mnaotuhimiza kila siku "kupanga ni kutupa hela, hamia kwako hata kama haijaisha", semeni na haya! Nilipokuwa nimepanga Tabata, bomba likipasuka nilimpigia baba mwenye nyumba, nikarudi kulala.

Aliyewahi kuezua paa la kuficha akaezeka la kawaida juu ya kuta zilezile, alianzia wapi? Au mfereji unatengenezeka bila kugusa bati? Naombeni majibu leo leo, upande wa Pugu mawingu yameshafunga.