Tupeane uzoefu: siku moja kwenye magofu ya Kilwa

Wakuu, habarini. Sisi wa Lindi na Mtwara tuliowahi kutembelea magofu ya Kilwa, tuelezane siku ilivyokwenda. Naanza mimi.

Mwezi uliopita nilikwenda Songo Mnara, kisiwa chenye magofu jirani na Kilwa Kisiwani. Kibali nilichukua Kilwa Masoko jana yake, nanyi fanyeni hivyo. Asubuhi nahodha akakataa kung'oa nanga mpaka maji yajae vya kutosha, nikanung'unika moyoni. Tulipofika kwenye mikoko nikamwelewa. Hata hivyo tulishuka maji ya magoti, viatu mkononi.

Kilichonishika ni ukuta. Nilizoea kusikia misikiti na kasri, kumbe mji wenyewe ulizungushiwa ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa! Ndani mna misikiti mitano na nyumba za mawe zaidi ya 30, za karne ya 14 hadi ya 16. Niliingia nyumba moja nikaketi barazani, baraza ya mawe. Ukutani vidaka vimejipanga. Bibi yangu, Mingoyo, aliweka msahafu na bakuli la kaure kwenye kidaka kama kile kile. Nikatulia pale hadi mwenyeji wetu akaja kuniita, nami macho yamelowa.

Mwalimu wa Nangurukuru: Asante mkuu. Mimi niliwavusha wanafunzi Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu na kuba zake waliupenda, lakini Husuni Kubwa ndiyo iliyowanyamazisha: kasri juu ya jabali, vyumba zaidi ya 100, na birika la pembe nane linalotazama bahari. Ni la sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alimkuta Kilwa mwaka 1331. Nikawaambia sarafu yenye jina lake iliokotwa Great Zimbabwe, magofu ya mji wa mawe nchini Zimbabwe, kule dhahabu ilikotoka. Binti mmoja akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, babu zetu walikuwa na pesa yao?" Nilifurahi sana. Kosa langu lilikuwa maji ya kunywa, yaliisha kabla ya adhuhuri na watoto wakateseka na jua. Bebeni ya kutosha.

Mama wa Mikindani: Kwetu ukuta hakuna, ila mkipita Mtwara msituruke. Boma la Wajerumani la 1895 lipo, na Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mwingereza, alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara, 1866. Nusu siku inatosha. Nina swali, mwanangu: Songo Mnara mlikwenda bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo? Nataka kumpeleka mzee wangu, na miguu yake si ya kutembea topeni.

Mwanzisha mada: Shikamoo mama. Tulikwenda maji mafu. Yalijaa kama saa nne asubuhi, na jioni hayakupwa mbali, boti ikatoka vizuri. Bamvua saa nne ndipo yanapokuwa yamekupwa kabisa, mzee atateremkia kwenye tope. Hata maji mafu mwambie nahodha mapema kwamba kuna mzee, aje na kijana wa pili wa kumshika mkono.