Kuuzunguka mlima Ausangate ukitokea Kigoma: siku ngapi za kuzoea hewa?

MwanaUjiji aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wengine wote. Mwezi Julai nitakuwa Peru kikazi, na baada ya kazi nitabakiwa na siku 9 ambazo ningependa kuzitumia kuuzunguka kwa miguu mlima Ausangate, ulioko kusini-mashariki ya Cusco. Njia yake ina kilomita zipatazo 70, na wengi huitembea kwa siku 5 au 6. Mashaka yangu ni mwinuko. Nimezaliwa na kukulia Ujiji, kando ya ziwa ambalo uso wake uko mita 770 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Mwaka juzi nilifika Uhuru, mita 5,895, bila shida kubwa, nikaamini kwamba mlima ambao hata kileleni sitafika hauwezi kunishinda, lakini ndugu mmoja anasema ninajidanganya. Je, siku 2 za kukaa Cusco zinatosha? Na je, mgeni ashike adabu gani kwenye mlima ambao wenyeji wanautukuza?

Msafiri wa Tabora alijibu:

Ndugu yangu, aliyekuonya amekuonya kwa mapenzi. Mimi niliuzunguka mlima huo baada ya kupanda Kilimanjaro, na tofauti yake naikumbuka mwilini. Kilimanjaro unalala kwenye mita 4,600 au 4,700 usiku mmoja usio kamili, maana usiku wa manane mnaondoka kwenda kileleni, na siku hiyohiyo mnashuka mpaka kwenye hewa nzito na usingizi mtamu. Ausangate haikupi jioni hiyo. Unaanzia kijiji cha Tinki, kwenye mita 3,800 hivi, usiku wa kwanza unalala Upis kwenye mita 4,400 hivi, na kuanzia hapo hema lako halishuki chini ya mita 4,000 mpaka safari iishe, ilhali kipito cha Palomani, yaani mahali pa kuvukia kati ya vilele, kinazidi mita 5,100, ambako kila pumzi inakupa karibu asilimia 60 tu ya hewa uliyoizoea pale Ujiji. Tena njia ni ya mzunguko: ukiugua kwenye ziwa Ausangatecocha, kurudi ulikotoka ni kuvuka kipito, na kuendelea mbele ni kuvuka kingine kilicho juu zaidi.

Kwa hiyo siku 2 hazitoshi. Cusco yenyewe iko mita 3,400. Kaa siku 3, ukitembea vilima vya juu ya mji mchana na kurudi kulala chini, kisha ulale usiku mmoja Tinki kabla ya kuanza. Hapo utabakiwa na siku 5 za njia. Tinki hiyohiyo utafute mchunga farasi, na umlipe pia farasi wa ziada asiyebebeshwa mzigo, maana ndiye atakayekutoa ukishindwa kutembea. Begi la kulalia liwe la baridi kali kweli, kwa kuwa Julai ni kiangazi kwao kama kwetu, anga ni safi, na maji ya chupani huganda usiku. Mwishoni utaoga chemchemi ya moto ya Pacchanta, ukiutazama mlima.

Muuguzi Mwanga:

Naongeza jambo moja. Ipo dawa ya asetazolamaidi inayousaidia mwili kuzoea mwinuko, lakini umwone daktari kwanza, hasa ikiwa dawa za salfa zinakudhuru. Kuumwa kichwa na kukosa hamu ya kula ni dalili ya kusimama, usipande zaidi. Ukianza kuyumba kama mlevi, au kuhema ukiwa umeketi, shuka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mtongwe wa Mahale:

Kuhusu adabu, sisi Watongwe tunao mlima Nkungwe, mita 2,462, na wazee wetu hawakuuona kuwa jiwe tupu, kwa hiyo swali lako limenigusa. Kwa Wakechua, wenyeji wa huko, Ausangate ni *apu*, yaani bwana anayelinda watu, mifugo na maji. Mchunga farasi akishika majani matatu ya koka (mmea unaotoa kokeini), akayapulizia pumzi kuelekea kilele, hilo ni tambiko: nyamaza, vua kofia, na usipige picha bila ruhusa. Koka kwao ni halali, lakini usirudi nayo nyumbani, kwani kwetu imekatazwa.

Katika bonde la Sinakara, karibu na Ausangate, hufanyika kila mwaka hija ya Qoyllur Rit'i, kabla ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, na UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2011. Zamani mahujaji waliovaa kama dubu walikata vipande vya barafu na kuvibeba kwa baraka; barafu ilipopungua, wakaiacha desturi hiyo wenyewe. Mimi hilo linaniuma kama vile ingekuwa Nkungwe imekauka.

MwanaUjiji:

Ahsanteni sana. Nimebadilisha mpango: siku 3 Cusco, usiku mmoja Tinki, siku 5 njiani, na farasi wa ziada. Daktari nitamwona wiki ijayo.