Naomba ushauri: kijiji hakijasomewa mapato na matumizi zaidi ya mwaka

Habari zenu wakuu. Mimi ni mkulima wa alizeti, kijiji kimoja huku Singida, sitakitaja maana tunajuana wote.

Pampu ya kisima imekufa tangu kabla ya mavuno. Kila kaya ilichanga elfu tano za matengenezo, tukaandikwa kwenye daftari la kaunta lenye jalada jekundu, risiti hakuna. Leo mke wangu anaamka saa kumi alfajiri kuwahi maji ya korongoni, na binti yetu wa darasa la sita anafika shule kachelewa, ndoo imemwacha na alama kichwani.

Najua mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Kwetu tangu tuchague viongozi Novemba 2024 umeitishwa mmoja tu. Mwenyekiti si mtu mbaya, tatizo mpole kupita kiasi. Ukimuuliza anasema "muulizeni mtendaji", na mtendaji anakaa mjini. Nilipouliza kwa sauti niliambiwa naleta siasa. Wazee wakanishika mkono nikae.

Sasa wakuu, nianzie wapi? Niandike barua kwa mtendaji wa kata na nakala kwa mkurugenzi, au kwanza nikusanye saini za wanakijiji? Naogopa zamu ya mbegu za ruzuku ikifika jina langu lirukwe. Aliyewahi kupitia hili anielekeze, hata inbox.