Buibui wenye kufunga mlango: familia yao ilipasuliwa bure ao ilikuwa lazima?

Kijana wa Kadutu
Bandugu, tubishane vizuri. Kuko mwalimu mmoja hapa Bukavu anasema banasayansi banavunja familia za buibui (makundi makubwa ya kupangia viumbe benye ukoo moja) juu ya kutafuta sifa tu. Mfano wake ni wale benye kuchimba shimo na kulifunika na mfuniko wa udongo na nyuzi. Wengi walikuwa mu familia ya Ctenizidae, jina lenye mwanasayansi Thorell aliwapa mu 1887. Mu 2018 jenasi sita (vikundi vidogo ndani ya familia) zikaondolewa zikawa familia ya Halonoproctidae, mu 2020 jenasi Stasimopus wa Afrika Kusini naye akapata familia yake, na leo Ctenizidae imebaki na mbili tu za upande wa Mediterania, Cteniza na Cyrtocarenum.

Mi naona ni haki kabisa. Kuchimba kunaleta umbo la kuchimba: miguu mifupi, miiba migumu pale kwenye meno, na hivyo vitu vinaweza kutokea kwenye koo mbalimbali. Watu wawili kushika jembe kule Kabare haiwafanye watoto wa baba moja. ADN, ile alama ya urithi yenye iko ndani ya mwili, njo ilionyesha kama wale sita na Cteniza hawako tumbo moja.

Mwalimu wa Ibanda
Njo mimi mwenye kusema vile, na narudia. Miiba naweza kumuonyesha mwanafunzi na lupu, ADN nitamuonyesha na nini? Mashine hatuna. Kitabu chetu kinasema Ctenizidae, mtoto anaandika Ctenizidae, kesho mtu anamwambia umekosa. Jina lenye halionekane kwa macho linatuacha sisi wote inje.

Kijana wa Kadutu
Mwalimu, pa mashine uko na haki na inaniuma hata mimi. Lakini Katalogi ya Dunia ya Buibui, ile ya Bern kule Uswisi, inafunguka bure na simu, mtoto anaona jina la zamani na la sasa, na Cyclocosmia, moja ya zile jenasi sita, amebaki Cyclocosmia, ni familia tu njo ilibadilika. Tena macho yenyewe yanakukatalia: Liphistius, buibui mwingine wa Asia, naye anatengeneza mlango safi kabisa, ila mugongo wa tumbo lake uko na vibamba vimepangwa, kwa hiyo hata bazee ba zamani, bila ADN, walimuweka mbali na hawa wote. Kama mlango ni ukoo, wewe ungemuweka wapi?